Kila Kitanda Kina Wagonjwa Wawili



Mtu apitaye wakati wa jioni mbele ya mlango wa hospitali katika mji wetu wa Bukavu huona kundi kubwa la watu wasio wagonjwa. Huona akina mama wenye sufuria vichwani na mikeka kwapani. Huona vijana wamebeba madumu ya maji na mifuko ya makaa. Huona mzee aliyevuka ziwa kutoka Idjwi, ameketi juu ya jiwe na karatasi ya dawa mkononi, akimwangalia kila avaaye nguo nyeupe kana kwamba uzima na kifo vimo kinywani mwake. Hao ndio walinzi wa wagonjwa. Wengine wametoka Kabare, wengine Walungu, wengine Kadutu tu, hapo juu ya mji. Lakini wote wameacha nyumba, shamba na biashara ili wakae karibu na ndugu yao aliyelala.

Katika nchi za Ulaya hospitali humpa mgonjwa chakula, humfulia shuka, humwogesha. Jamaa zake huja kumsalimu saa iliyowekwa, kisha hurudi kwao. Kwetu sivyo. Nani atampikia mgonjwa? Nani atamfulia? Nani atatembea mjini kutafuta dawa iliyokosekana hospitalini? Nani atakesha naye usiku? Ni mlinzi. Basi, mwuguzi wa kwetu anapofika penye kitanda hakuti mtu mmoja. Hukuta wawili: mmoja amelala juu, na mwingine ameketi chini ubavuni pake. Wa kwanza anaumwa mwili, wa pili anaumwa moyo. Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya huyu wa pili, maana mara nyingi husahauliwa.

Twaomba ruhusa tutoe mfano wa nyumbani kwetu. Miaka michache iliyopita mama yetu mzazi alishikwa na ugonjwa wa moyo, nasi tukamlaza katika hospitali moja. Jina lake hatutalitaja, maana nia yetu si kumshtaki mtu. Siku mbili za kwanza hatukujua lo lote. Mwuguzi alikuja, akachoma sindano, akaandika katika karatasi, akaenda zake. Tulipomwuliza mama anaendeleaje, alijibu pasipo kututazama kwamba tumwulize daktari. Na daktari alikuwa amekwisha kupita. Jioni tulipouliza mara ya pili, alituamuru tutoke nje, maana tunamsumbua.

Hapo sisi nasi tulikosa uvumilivu. Sisi tulio waalimu, tunaofundisha watoto wa watu adabu kila siku, tulimpigia kelele mbele ya wagonjwa wote. Twaandika jambo hili kwa haya. Baadaye mlinzi wa kitanda cha pili alitueleza kwamba mwanamke yule alikuwa peke yake tangu alfajiri, kwamba katika chumba kile walilala watu zaidi ya 30, na kwamba mchana uleule wagonjwa wawili walikuwa wamemfia mikononi. Sisi hatukujua, wala hatukumwuliza.

Usiku wa tatu alikuja mwuguzi mwingine, mama wa makamo. Kwanza alimwinamia mgonjwa, akamshika mkono: "Koko, habari ya jioni? Mimi ndiye nitakayekuwa nawe mpaka asubuhi." Akataja na jina lake. Kisha akatugeukia sisi: "Na wewe, Mwalimu, umekula leo?" Hatukuwa tumekula kitu. Yeye hakuwa na chakula cha kutupa, lakini kwa swali lile tulitambua kwamba kuna mtu aliyetuona.

Akavuta kigoda, akaketi. Alitueleza kwa maneno mepesi kwamba moyo wa mama umechoka kusukuma damu, ndiyo maana miguu imevimba na maji yanaingia katika mapafu. Kwamba dawa aliyopewa inatoa maji hayo. Kwamba asilazwe chali, bali aegemezwe juu ya mito apate kupumua. Akamwonyesha dada yetu namna ya kumgeuza mara kwa mara ili ngozi isifanye vidonda. Mwisho alituambia ukweli: "Tunafanya yote tunayoweza. Lakini mama amechoka sana. Kama kuna ndugu walio mbali, waiteni. Na kama mnataka Padri aje, msingoje." Maneno yote hayo hayakuchukua hata dakika 10.

Asubuhi yake Padri alikuja, na mama akapokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu, akili zake zikiwa timamu. Kaka yetu mkubwa aliwahi kufika kutoka Uvira, wakasemezana. Siku ya tisa mama akafariki. Yule mwuguzi alikuwapo. Alimfumba macho, akamfunika vizuri, kisha akatuachia nafasi ya kusali rozari nzima kabla maiti haijachukuliwa. Naye alisimama nyuma yetu akiitikia.

Dawa haikumponya mama yetu. Lakini sisi tuliobaki hatukutoka pale na chuki, wala na majuto kwamba mzazi wetu alikufa bila Sakramenti na bila kumwona mwanawe wa kwanza. Jambo hilo tulilipata kwa dakika 10 za mtu mmoja aliyekuwa amechoka kama wenzake.

Je, mwuguzi huyo alizua jambo jipya? La, hasha! Alifuata mwendo wa Bwana wetu mwenyewe. Chukueni Injili mkasome habari ya mjane wa Naini. Kijana amekufa, watu wanampeleka kaburini, na Yezu anakutana nao langoni pa mji. Yezu anamwonea huruma nani kwanza? Mwinjili Luka asema wazi kwamba alimwonea huruma yule mama. Alisema naye kwanza, akamtuliza asilie; ndipo aliposogea na kugusa jeneza. Na alipokwisha kumfufua kijana, alimrudisha mikononi mwa mama yake. Mwanzo wa huruma ile ni mama, na mwisho wake ni mama.

Someni tena habari ya Yairo. Watu wanapiga kelele nyumbani kwake. Yezu anawatoa wote nje, lakini baba na mama wa mtoto hawatoi. Anaingia nao mpaka mahali alipolala binti yao. Na akiisha kumfufua, anawaagiza wampe mtoto chakula. Tazameni jinsi Bwana alivyo na akili ya mwuguzi mwema! Anajua kwamba mzazi aliyetetemeka kwa hofu yafaa apewe kazi ya mikono yake, ajue kwamba yeye naye ni wa lazima.

Na pale Kalvario je? Aliyelala juu ya msalaba alikuwa na mlinzi wake, Mama Maria, aliyesimama chini pasipo uwezo wa kumpa hata maji. Yezu katika maumivu ya kufa alimwona. Alimtafutia nyumba na mtoto wa kumtunza. Basi kila mama anayekesha kando ya kitanda katika hospitali zetu, akiwa na kitenge chake cha pekee na chungu cha uji, amesimama mahali aliposimama Mama wa Mungu. Atakayemfukuza kwa neno kali na ajue ni nani anayemfukuza.

Mama Kanisa alilifahamu jambo hilo tangu zamani. Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mchezaji kamari. Alipoteza mali yake yote katika mchezo. Mguuni alikuwa na kidonda kisichopona, na kidonda hicho ndicho kilichompeleka katika hospitali ya Roma iliyowapokea wagonjwa wasioponyeka. Huko aliona watumishi waliofanya kazi kwa ajili ya mshahara tu, wakiwaacha wagonjwa katika uchafu na upweke. Ndipo alipokusanya wenzake watakaowahudumia wagonjwa kwa mapendo. Aliwafundisha wamtumikie kila mgonjwa kwa moyo wa mama anayemwuguza mtoto wake wa pekee. Alifariki mwaka 1614, na mwaka 1930 Papa Pio XI alimweka, pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu, kuwa msimamizi wa wauguzi. Angalieni mfano aliouchagua: ni ule wa mama. Alijua kwamba mwuguzi hawezi kumtunza mtoto vema kama hajui moyo wa mama wa mtoto ulivyo.

Lakini huruma yetu isiwe na mipaka ya kabila wala ya dini. Hapa yatupasa sisi Wakatoliki tujichunguze dhamiri, kwa sababu mji wetu wenyewe una habari ya kutufundisha. Mwaka 1955 alizaliwa hapa Bukavu mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Kitovu chake kilikatwa vibaya, kikapata uchafu, mtoto akawa karibu kufa. Mama yake alimbeba mpaka penye zahanati ya watawa wa Kanisa letu, akakataliwa, maana jamaa yake ilikuwa ya Kiprotestanti. Ndipo mwalimu mmoja misionari kutoka Sweden, Majken Bergman, alipokwenda kumtetea mtoto yule, hata akapokewa na kupewa penisilini, akapona. Mwenyewe amesimulia hayo alipokuwa mtu mzima, katika kitabu cha maisha yake.

Mtoto huyo ni nani? Ni Denis Mukwege, daktari aliyeanzisha hospitali ya Panzi hapa mjini mwaka 1999, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa ajili ya kazi yake ya kuwatibu wanawake walioharibiwa na watu wenye silaha. Fikirini, wasomaji wapendwa! Mlango ulifungwa kwa sababu ya dini, na nyuma ya mlango ule alikuwapo mtoto ambaye baadaye maelfu ya wanawake, Wakatoliki wengi miongoni mwao, wangeutazamia mkono wake. Na hata kama angekuwa mtoto asiyejulikana na mtu ye yote maisha yake yote, kosa lingekuwa lilelile mbele ya Mungu. Msamaria wa Injili hakumwuliza yule aliyejeruhiwa anasali katika hekalu gani.

Katika hospitali hiyo ya Panzi tunaona pia jambo tunalolisema leo likitendeka kwa utaratibu. Mwanamke akifika na majeraha ya aibu, haachwi peke yake na madaktari. Hukabidhiwa kwa mama mmojawapo wa wale waitwao Maman Chérie, yaani Mama Mpendwa, ambaye kazi yake ni kukaa naye, kumsikiliza, kula naye, kumfuata mpaka chumba cha upasuaji, na kumngoja atoke. Waganga wa pale walifahamu kwamba mkono wa daktari hushona mwili, lakini moyo unahitaji mkono wa pili. Ndiyo maana matibabu yao yana sehemu nne: ya mwili, ya moyo, ya sheria, na ya kumsaidia mtu apate kazi na riziki anaporudi kwao.

Wapo wasemao: "Huruma ni jambo zuri, lakini ni la wakati wa amani." Ndugu zetu, wauguzi wa Kivu hawakupata kazi yao wakati wa amani. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliishambulia hospitali ya Lemera katika milima ya Uvira. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wagonjwa pamoja na watumishi wa hospitali. Wagonjwa wengine walipigwa risasi vitandani mwao. Wauguzi walikufa mahali pa kazi yao, karibu na watu waliokuwa wakiwatunza. Mwezi uleule, tarehe 29, Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu, naye hakulikimbia kundi lake. Padri na mwuguzi wana kiapo kinachofanana: ikija mbwa mwitu, wasiwaache wasioweza kukimbia.

Na juzi juzi tumeyaona tena. Tarehe 14 Februari 2025 wapiganaji wa M23 walianza kuingia Bukavu, na baada ya siku mbili walikuwa wameushika mji. Tarehe 27 ya mwezi huohuo milipuko ilitokea katika Uwanja wa Uhuru wakati wa mkutano mkubwa. Watu zaidi ya 10 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Majeruhi walichukuliwa mbiombio kupelekwa hospitalini. Huko walikuta watu wenye nguo nyeupe wakiwa kazini. Wale nao walikuwa na watoto nyumbani. Nao walisikia mlio wa risasi. Nao hawakujua kama usiku watarudi. Mabenki ya mji yalikuwa yamefunga milango, na kupata fedha kulikuwa taabu kwa kila mtu. Tuwasifu kwa haki, kwa maana kazi ya namna hiyo hailipwi kwa fedha.

Lakini tusifiche maradhi kwa kusifu. Yapo makosa, na yafaa tutazame shina lake. Wauguzi wengi wa nchi yetu hawamo katika daftari la mishahara la serikali. Hupata posho ndogo inayotoka katika malipo ya wagonjwa. Hospitali nayo hununua dawa na kuwalipa watu wake kwa malipo hayohayo. Kwa sababu hiyo mgonjwa maskini hutazamwa kama deni. Huonekana hapa na pale mama aliyekwisha kupona, amekaa hospitalini siku nyingi na mtoto wake mchanga, haruhusiwi kutoka mpaka jamaa walete fedha. Na mumewe anazunguka mjini akikopa. Kila siku anayongoja, jamaa wake nyumbani wanalala njaa. Na mwuguzi aliyemzalisha kwa upendo juma lililopita ndiye anayewekwa leo kuwa kama mlinzi wa gereza. Je, kwa kufanya hivyo hatumwumizi mwuguzi pia?

Haya, turudi kwa Msamaria. Watu wengi wakumbuka mafuta na divai aliyomtia majeruhi, wakasahau mwisho wa habari. Bwana hakusahau kusema juu ya malipo. Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa yatakayozidi atakaporudi. Hakumwambia mwenye nyumba: "Wewe una huruma, basi mtunze bure." Alijua kwamba huruma ya mmoja isiposaidiwa na fedha ya mwingine itachoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwuguzi atie mafuta na divai. Dinari mbili ni za nani? Ni zetu sisi tunaokaa katika shirika na parokia.

Basi, twaleta shauri hili kwa kila shirika la parokia zetu. Kila Jumapili kila nyumba iweke kidogo katika sanduku la wagonjwa, hata kama ni bei ya ndizi tatu. Wachaguliwe watu wawili waaminifu wa kulitunza na kuliandika katika daftari mbele ya wote. Akilazwa mtu wa shirika, wawili wafuatane kwenda kumtazama. Wapeleke chakula si kwa mgonjwa tu, bali na kwa mlinzi wake, na usiku mmoja au mbili wampokee zamu ili alale. Vijana wenye nguvu wakubali kutoa damu wanapoombwa, pasipo kungoja kwanza ndugu wa damu. Na pale mama mmoja anapozuiwa kwa deni, shirika liende kuzungumza na wakuu wa hospitali kwa heshima, lilipe sehemu, na kuahidi sehemu. Tumeona mahali ambapo jambo hili limefanyika, na mama akarudi nyumbani kabla mtoto hajabatizwa.

Ninyi wanafunzi mnaotamani kuwa wauguzi, tena ninyi mliokwisha kuanza katika shule za uuguzi, twasema nanyi kwa upendo wa mwalimu. Jifunzeni sana anatomia, dozi za dawa na usafi wa sindano, maana huruma isiyo na elimu yaweza kuua. Lakini jifunzeni na haya: mtajie mgonjwa jina lako, mwite kwa jina lake, au kwa heshima ya umri wake, Mama, Baba, Koko, wala usimwite kwa namba ya kitanda. Kabla ya kumgusa, mwambie unalotaka kufanya. Mlinzi akiuliza, mjibu. Kama hujui, mwambie utauliza, kisha ukaulize kweli. Mpe kazi anayoiweza na umwonyeshe namna yake. Habari ya kifo usiitangaze katika njia ya kupitia watu; tafuta mahali pa faragha, keti, sema polepole, na ungoje machozi yaishe. Ulimi hauna mfupa, lakini neno lake hukaa miaka mingi katika moyo wa mfiwa. Na penye jamaa Mkristu, kumbusha habari ya Padri mapema, mgonjwa akiwa bado na akili zake.

Nasi jamaa za wagonjwa tusijione tu wenye haki ya kudai. Twende kwa mwuguzi kwa salamu kabla ya malalamiko. Tuchague mmoja wa kuuliza habari kwa niaba ya wote, badala ya watu kumi kumzunguka. Tusimfiche dawa za kienyeji tulizompa mgonjwa gizani, maana zaweza kupigana na dawa za hospitali na kumdhuru. Tusifungue wala kugusa chupa ya maji yaingiayo mshipani. Na mgonjwa wetu akipona, turudi kushukuru. Wakoma 10 waliponywa, akarudi mmoja. Hospitalini kwetu hesabu haipungui hiyo.

Tena shukrani humpa mwuguzi nguvu kuliko tunavyodhani. Mwezi Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Daktari Mukwege, wakamwua mlinzi wake, naye akaponea chupuchupu, akakimbilia ng'ambo. Wanawake wa Idjwi, ambao hawana mali, waliuza mananasi na vitunguu ili wamnunulie tiketi ya ndege. Januari 2013 alirudi, na akina mama wakampokea kwa shangwe. Waliouguzwa walimwuguza aliyewauguza. Mahali kama hapo Ufalme wa Mungu umekwisha kukaribia.

Sisi nasi tulirudi. Miezi miwili baada ya mazishi tulikwenda hospitalini kumshukuru yule mama wa usiku. Kisha tuliuliza habari ya mwuguzi wa kwanza, yule tuliyempigia kelele. Tulimkuta akifunga bandeji. Tulimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, siku ile nilikuwa nimeshindwa. Watu wengi walinitukana. Wewe ni wa kwanza kurudi." Tuliona machozi machoni pake, na tukafahamu kwamba penye kitanda cha mama yetu wagonjwa walikuwa watatu, wala sisi hatukuwahesabu vema.

Kila mwaka tarehe 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Ulimwenguni, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Tusingoje siku hiyo. Juma hili kila jamaa isomayo gazeti hili ichague mgonjwa mmoja wa kutembelewa, mlinzi mmoja wa kulishwa, na mwuguzi mmoja wa kushukuriwa. Na jioni, watoto wakiwa wamekusanyika kwa sala, tuwaombee wote watatu pamoja.

Ee Bikira Maria, uliyekesha chini ya msalaba, uwaangalie wanaokesha leo kando ya vitanda katika Bukavu na katika milima yetu yote. Mtakatifu Kamili, uwaombee wauguzi wetu wapate nguvu za mwili na upole wa moyo. Nasi utuombee, tusipite upande wa pili wa njia. Amina.